Dondoo muhimu: Kuwaunganisha kobayi katika kizimba kimoja

Katika nyua finyu za Katindo mjini Goma, zilizokaa juu ya lava iliyoganda, kobayi, yaani mgugunaji mdogo mwenye asili ya milima ya Andes, hufugwa kwa ajili ya nyama na fedha za dharura. Mfugaji aliyenunua kobayi mpya hapaswi kumchanganya na wenyeji siku hiyohiyo, bali amweke karantini, yaani mahali pa peke yake, kwa wiki mbili, ili upele, chawa au mafua vijitokeze kabla havijaenea.

Muda huo ukiisha, ni vyema wakutanishwe mchana, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuishi, penye majani mabichi mengi, kwa kuwa mnyama anayetafuna hana haraka ya kupigana. Kunguruma, kufukuzana na kupandana ni namna yao ya kupanga nani mkubwa, na haifai kuwatenganisha kwa sababu hiyo tu. Lakini meno yakigongana kwa sauti na manyoya ya shingo yakisimama, ubao au kitambaa kinene kiingizwe kati yao, kamwe si mkono mtupu. Kizimba kioshwe kwanza, kisha kitiwe kificho chenye milango miwili, maana chenye mlango mmoja ni mtego kwa mnyonge.

Madume wawili waliokomaa wasiwekwe pamoja penye majike. Dume mmoja huwatosha majike watano hadi kumi, na watoto wa kiume hutengwa wakifikisha wiki tatu.