Istilahi za Ubora wa Divai: Funzo kwa Asali ya Kyuso

Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili yaliyozoeleka ya kutajia kinywaji cha zabibu: mvinyo, lenye asili ya Kireno, na divai, linalohusishwa na Kifaransa. Jina la kinywaji, basi, halitusumbui. Tatizo huzuka tunapotaka kutaja daraja lake la ubora. Makala hii inachunguza istilahi za ubora wa divai barani Ulaya, kisha inaonyesha funzo lake kwa asali ya Kyuso, katika Kaunti ya Kitui.

Misingi mitatu ya uainishaji

Mfasiri asidhani kwamba neno ‘ubora’ lina dhana moja. Barani Ulaya kuna angalau misingi mitatu:

(i) Mahali. Ufaransa iliweka mfumo wa kulinda majina ya asili mwaka 1935. Umoja wa Ulaya ulipobadilisha sheria zake mwaka 2009, uliweka ngazi mbili zinazolindwa. Katika jina la asili, zabibu zote hutoka eneo linalotajwa. Katika kiashiria cha kijiografia, angalau asilimia 85.

(ii) Ukomavu wa zabibu. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1971 ilipanga madaraja kwa kupima sukari ya asili katika maji ya zabibu.

(iii) Muda wa kukomaza. Nchini Uhispania, divai nyekundu huitwa ‘Reserva’ ikiwa imekomazwa kwa miezi 36 au zaidi, 12 kati yake ikiwa ndani ya pipa la mwaloni.

Mitego ya tafsiri sisisi

‘Spätlese’ ya Kijerumani ni ‘mavuno ya kuchelewa’. Kwa mkulima wa Kyuso, anayetegemea mvua chache, kuchelewa ni hasara. Kwa Mjerumani ni zabibu zilizoachwa ziive zaidi. ‘Mavuno komavu’ hubeba dhana hiyo vizuri zaidi. ‘Reserva’ nayo ikitafsiriwa ‘akiba’, msomaji atafikiria kilichobaki ghalani. Afadhali ‘divai iliyokomazwa’. Neno ‘cru’ la Kifaransa lina utata zaidi: huko Bourgogne hutaja kipande cha shamba, ilhali katika orodha ya Bordeaux ya mwaka 1855 waliopangwa kwa madaraja ni wazalishaji. Istilahi moja ya Kiswahili haiwezi kuzibeba dhana zote mbili.

Asali ya Kyuso

Kyuso ni eneo kame kiasi, lenye migunga ambayo maua yake huwalisha nyuki. Asali ya upande huu wa Mwingi ina sifa kubwa sokoni. Misingi tuliyoitaja inaihusu pia, kwa kubadilisha kidogo. Kuna mahali na maua yaliko nyuki. Kuna kiasi cha maji, ambacho kiwango cha kimataifa cha Codex hutaka kwa kawaida kisizidi asilimia 20, kwa kuwa asali yenye maji mengi huchacha. Kuna pia namna ya kuiandaa: asali ya masega, asali iliyochujwa, na asali ghafi, ambayo huweza kutengenezewa uki, pombe ya jadi ya Wakamba.

Hata hivyo, chupa nyingi huandikwa tu ‘asali safi’ au ‘asali halisi’. Maneno haya husifu bila kuainisha. Iwapo chupa yoyote inaweza kuitwa ‘asali ya Mwingi’, mfugaji wa Kyuso hupoteza bei na mnunuzi hupoteza imani.

Hitimisho

Istilahi ya ubora ina sehemu tatu: neno, kanuni inayolifafanua, na mkaguzi anayeilinda. Mwanaisimu hutoa ya kwanza tu, lakini akitoa neno legevu, hizo nyingine hazina pa kushika. Kwa kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi, lebo ya Kiswahili yapasa iaminike kama ya lugha nyingine yoyote. Wahenga walisema kizuri chajiuza; lakini sokoni, kizuri kisicho na jina linalolindwa huuzwa kwa bei ya kibaya.

Zoezi: Pendekeza istilahi tatu za madaraja ya asali, na ueleze kanuni ambayo kila moja ingesimamia.