Upasuaji wa Sinasi ya Shavu kwa Njia ya Pua
Somo kwa mgonjwa na jamaa zake, Johannesburg

Kwa nini upasuaji?
Ndani ya kila mfupa wa shavu mna uwazi wenye hewa, uitwao sinasi. Mlango wake uko juu, si chini. Kwa hiyo kamasi haitiririki yenyewe, bali husukumwa na vinyweleo vidogo mno hadi mlangoni. Mlango ukizibwa na uvimbe, kamasi hutuama na huweza kugeuka usaha. Maradhi yakidumu majuma 12 au zaidi huitwa sugu. Kwanza hutumiwa maji ya chumvi ya kuoshea pua na dawa ya kupuliza puani. Visipofaa, ndipo upasuaji hufikiriwa. Usaha unaonuka na kutoka upande mmoja tu huenda umetokana na jino la juu. Meno nayo yachunguzwe.

Hufanywaje?
Zamani daktari alipasua ufizi na kutoboa mfupa wa shavu. Leo, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, endoskopu, yaani bomba jembamba lenye taa, hupitishwa puani, na mlango wa asili hupanuliwa. Uso haukatwi. Picha ya CT hupigwa kabla, kwa kuwa jicho na ubongo vi karibu. Taja dawa zote unazotumia, hasa aspirini na dawa za mitishamba.

Wapi pa kuanzia?
Anza kliniki ya mtaa wako, upate barua ya rufaa kwenda idara ya masikio, pua na koo, mathalani katika hospitali ya Charlotte Maxeke, Parktown, au Chris Hani Baragwanath, Soweto. Omba mkalimani, usitie sahihi fomu ya ridhaa usiyoielewa.

Baada ya upasuaji
Daktari hufungua mlango. Kuulinda usizibe tena ni kazi yako pia.
- Osha pua kama ulivyoelekezwa, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.
- Usipenge kamasi, usinyanyue mizigo mizito hadi uruhusiwe. Usivute sigara.
- Ukipiga chafya, fungua kinywa.
- Rudi kliniki siku uliyopangiwa, hata ukijiona umepona.

Dalili za hatari
Damu nyingi, jicho kuvimba au kuona vibaya, maji maangavu kudondoka puani, homa pamoja na shingo kukakamaa. Usingoje: piga 10177, au 112 kwa simu ya mkononi. Kwa Kifungu cha 27 cha Katiba ya Afrika Kusini ya 1996, hakuna mtu awezaye kunyimwa matibabu ya dharura, awe mwenyeji au mgeni.