KUBA ZA MSIKITI WA JAMIA ZILITOKA WAPI?

Ndugu msomaji, ukitoka kwetu Nyalenda ukaingia mjini hadi barabara ya Otieno Oyoo, utauona Msikiti wa Jamia, uliojengwa mwaka wa 1919. Katika mdahalo wa chama chetu mwaka jana nilisimama nikasema kuba zake ni ufundi wa Waswahili wa pwani. Nikapigiwa makofi! Kumbe nilikuwa nimewapotosha, na sasa inanibidi nijisahihishe.

Misikiti ya kale ya pwani, mfano Gede, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na paa lake lilikuwa bapa, limelala juu ya boriti za mikoko. Boriti hizo haziwezi kuvuka zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana ndani mna nguzo nyingi. Mpinzani wangu akaniuliza, "Na Kilwa je?" Kweli, Kilwa kuna kuba, lakini ni ndogo ndogo, wala hazina umbo la kitunguu.

Kitunguu ni cha Wamughal, Waislamu walioanza kutawala Bara Hindi mwaka wa 1526. Shah Jahan alijenga Jama Masjid ya Delhi, 1644 hadi 1656. Mwanawe Aurangzeb akajenga Badshahi ya Lahore, iliyokwisha 1673. Kila mmoja una kuba tatu. Kwenye Taj Mahal, kuba ni mbili, moja ndani ya nyingine: ya nje ndefu ili ionekane kutoka mbali, ya ndani fupi ili aliye chini asijione kama yuko kisimani. Mimi hapo niliwavulia kofia.

Sasa, zilifikaje ziwani? Kwa garimoshi! Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, ikijengwa na Wahindi zaidi ya 30,000, wengi wa Punjab, kwenye mji wa Lahore. Ajabu ni kwamba Mwingereza aliyemwangusha Mughal wa mwisho mwaka wa 1857 ndiye aliyewaleta. Tazama Jamia ya Nairobi (1925 hadi 1933): kuba tatu, minara miwili, kama Delhi. Yetu ni ndogo, lakini iweke kando ya picha ya Gede uone iko upande gani.

Dini yenyewe ilifika magharibi kwa misafara ya pwani kupitia Mumias, hapo sikukosea. Hayo mengine katibu ameahidi kuyafuta kwenye daftari la chama.