Motokari ya koperative inakosa nguvu: tupime mbele ya kulipa



Kiangazi kimefika, mahindi yako kwenye magunia, na barabara ya Pweto kwenda Kilwa, Kasenga na Lubumbashi imekauka. Njo wakati motokari ya koperative inafanya kazi sana, na njo wakati tunasikia maneno haya: «Baba prezida, motokari haina nguvu tena. Zamani ilipanda mulima na vitesi ya tatu, leo inaomba ya kwanza.»

Mara nyingi jibu ni moja: «Moteri imekufa.» Lakini kufungua moteri ya mazuti kunaweza kula feza ya mavuno yote. Na moteri inapoteza nguvu kwa sababu nyingi; nyingine kuzitengeneza hakuombi hata franka moja. Somo hili linafuata njia ya kupima: tunaanza na kisicholipwa, tunamaliza na cha bei kali.

Mfano wetu ni Land Cruiser ya mazuti isiyo na tirbo, yenye moteri 1HZ ya silinda 6 na litre 4.2, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Moteri zingine za zamani za mazuti zinapimwa kwa njia ileile.

1. Ni moteri, ao kuna kitu kinaishika motokari?

Hesabu muzigo kwanza. Magunia 20 ya kilo 50 ni tani moja. Watu 8 wakipanda juu yake, umeongeza karibu nusu tani. Angalia pia upepo wa mipira.

Kiisha, angalia freni. Tembea kidogo bila kufunga freni sana, simama, sogeza mukono karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma. Moja likiwa la moto kuliko mengine, freni yake inakokota.

Halafu ambriyaji. Moteri ikilia sana lakini mwendo hauongezeki, ambriyaji inateleza. Pima hivi: motokari imesimama mahali pa wazi, hakuna mutu mbele wala nyuma, freni ya mukono imefungwa. Weka vitesi ya tatu, achilia pedali ya ambriyaji polepole. Moteri inapaswa kuzimika. Isipozimika, ambriyaji njo imechoka, hapana moteri.

2. Pedali inafika mwisho?

Zima moteri. Mutu mumoja akanyage pedali ya mazuti mpaka chini, mwingine aangalie pale kwenye pompi kama mukono wake unafika mwisho. Tapi iliyojikunja chini ya pedali, ao kabo iliyolegea, inatosha kuiba nguvu.

3. Moshi unasema nini?

Panda mulima na muzigo, mutu mwingine aangalie nyuma.

Moshi mweusi: mazuti ni mengi kuliko hewa. Anza na filtri ya hewa. Vumbi la kiangazi linaiziba kwa siku chache tu, zaidi ukifuata kamyo nyingine barabarani. Itoe, weka tochi ndani yake: mwangaza usipopita, imeziba. Ipulize kutoka ndani kwenda inje. Filtri ya karatasi usiioshe na esansi. Na usitembee bila filtri hata siku moja: vumbi linakwangua silinda, na hapo moteri itakufa kweli. Angalia pia bomba la kuingiza hewa, maana nyigu na panya wanapenda kujenga humo.

Hakuna moshi, lakini nguvu inakatika kwenye mulima: mazuti hayafiki ya kutosha. Nenda namba 4.

Moshi mweupe hata kiisha moteri kupata moto: mazuti hayaungui vizuri, ao maji ya radiatere yanaingia ndani. Kama maji ya radiatere yanapunguka kila siku, simamisha motokari.

Moshi wa bluu: moteri inakula mafuta yake. Hii njo alama ya moteri iliyochoka.

4. Mazuti yanafika?

Kwetu mazuti mengi yanauzwa kwa bido, na bido inabeba maji na uchafu. Fungua kizibo cha chini ya filtri ya mazuti, kinga kidogo katika chupa nyeupe, acha itulie. Maji ni mazito kuliko mazuti, yatakaa chini. Ukiyaona, toa mpaka yaishe, kiisha badilisha filtri.

Nguvu ikikatika kiisha safari ya saa moja, legeza kifuniko cha tanki. Kikivuta hewa kwa nguvu, na moteri ikirudia nguvu yake, tundu la kupumulia la tanki limeziba.

Angalia pia tiyo zote. Tiyo iliyopasuka kidogo inaweza kuingiza hewa bila kumwaga mazuti.

5. Kinachobaki ni cha mekanisie

Kama yote hayo ni mazuri, omba mekanisie apime nguvu ya kila silinda kwa manometre, kiisha valvu, kiisha enjektere. Pompi inakuja mwisho, na inapimwa kwenye mashini ya garaji kubwa. Usikubali mutu akaze bulo ya pompi «ili iongeze nguvu». Itaongeza moshi na moto, na pistoni zinaweza kuyeyuka.

Na kama mutu anasema «ni sababu ya urefu wa inchi ya Lubumbashi», tuhesabu. Ziwa Moero liko karibu mita 920 juu ya bahari, Lubumbashi karibu 1,200. Moteri isiyo na tirbo inapoteza kama 1 kwa 100 kila mita 100. Basi ni kama 3 kwa 100 tu. Hiyo haitoshi kukutoa kwenye vitesi ya tatu mpaka ya kwanza.

Sheria tatu za komite

Badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, kiisha jaribu kwenye mulima uleule na muzigo uleule. Ukibadilisha vitatu pamoja, hautajua ni kipi kilisaidia.

Shofere aandike katika kaye: tarehe, kilometre, litre za mazuti, magunia, na vitesi aliyopandia mulima. Kaye inakumbuka kuliko kichwa.

Mbele ya kulipa, mwenye kushika feza aulize mekanisie maulizo mawili: «Ulipima nini? Ulikuta nini?» Na kile kipande cha zamani kirudi kwa koperative.

Maulizo ya kujadili katika mukutano

Filtri ya hewa ya motokari yetu ilifunguliwa mara ya mwisho lini? Mazuti yetu yanatuliwa na kuchujwa mbele ya kuingia katika tanki? Nani anashika kaye?