Dondoo Muhimu: Taya la Ng'ombe Likivimba

Mfugaji wa Bukoba au Muleba aonapo uvimbe katika taya la ng'ombe wake, asikimbilie wembe wala chuma cha moto, bali aubonyeze kwanza kwa kidole, kwani kidole aghalabu humfahamisha zaidi kuliko macho.

Uvimbe laini wa chini ya taya, usio na joto, ubakizao shimo ukibonyezwa, ambao huzidi jioni baada ya malisho na kupungua alfajiri, ni dalili ya damu iliyopungukiwa protini; na kwa mnyama alishwaye nyasi za mabondeni, kama lile la mto Ngono, wanamoishi konokono wabebao vimelea, wa kushukiwa kwanza ni minyoo bapa ya ini, hasa kope za ndani zikiwa nyeupe. Dawa yake ni triklabendazoli kwa kadiri ya uzito, ila kwa ng'ombe akamuliwaye daktari wa mifugo aulizwe kabla.

Uvimbe mgumu kama jiwe, ulioshikamana na mfupa, huletwa na bakteria wapenyao katika jeraha la kinywa. Hutibiwa kwa iodidi na antibiotiki, lakini mfupa uliokwisha haribika haurejei umbo lake.

La kuhofiwa kupita yote ni tezi za chini ya sikio kuvimba pamoja na homa ya nyuzi 40 na zaidi, kwani hiyo yaelekea kuwa ndigana kali ya kupe, ambayo buparvakwoni huitibu vyema ikiwahiwa. Basi daktari aitwe siku hiyo hiyo.