Somo la 31. Makaa yanayofundisha

Kiazi kikisahauliwa motoni, mambo mawili yaweza kutokea. Moto ukikimaliza, kinakuwa majivu tu. Lakini kikifunikwa na majivu, kisipate hewa ya kutosha, kinageuka kuwa kaa. Kaa haliozi upesi, wala wadudu hawalili. Laweza kukaa udongoni miaka maelfu na kushika umbo lake.

Katika Afrika ya Kusini, karibu na mpaka wa Eswatini, kuna pango linaloitwa Border Cave. Humo wataalamu walichimba majivu ya zamani sana, wakaokota vipande vidogo vyeusi. Mtu asiyejua angevitupa. Wao walivipima, wakavitazama kwa darubini kali. Ndani yake waliona alama za mishipa inayopitisha maji katika mmea. Kisha walivilinganisha na mimea ya siku hizi. Ndipo walipotambua: ni viazi vya porini, vya mmea unaoitwa Hypoxis. Habari hii ilitangazwa mwaka 2020.

Viazi hivyo viliungua yapata miaka 170,000 iliyopita! Tena watu wale hawakuvila vyote pale walipovichimba. Walivichukua mpaka pangoni, wakavipika. Kwa hiyo wataalamu wanafikiri kwamba waligawana chakula na wenzao.

Basi, watoto, msidharau kitu kidogo. Anayetazama kwa makini huona habari kubwa hata katika majivu.

Maswali
1. Kiazi kinageukaje kuwa kaa?
2. Wataalamu walitambuaje viazi vile?
3. Kwa nini wanafikiri kwamba watu wale waligawana chakula?