Virusi vya shotikati vinavyorudi

Swali: Nafuta shotikati kwenye flashi, zinarudi. Niifomati?

Jibu: Hapana. Kufomati kutakufutia mafaili ambayo kwa kawaida hayajapotea, yamefichwa tu, na kompyuta itaiambukiza flashi upya. Chanzo kimo ndani ya kompyuta: mara nyingi ni skripti inayoendeshwa na wscript.exe, inayojinakili kila ukiifuta. Kwa hiyo utaratibu una uzito zaidi kuliko juhudi. Chomoa flashi, simamisha wscript.exe kwenye Task Manager, zima kinachoiwasha kwenye Startup, kisha ifute skripti yenyewe, aghalabu ndani ya AppData. Ndipo uchomeke flashi, usibofye shotikati hata moja (hapo ndipo wengi huharibu), uzifute, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kwenye Command Prompt, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Utasema antivirusi ingetosha. Huenda ikaua virusi, lakini mara nyingi huacha mafolda yamefichwa vilevile.